Mkia wa Kitenzi

Jumanne usiku, Grimsby, juu ya maktaba.
Mwalimu Hilary anaandika kitenzi cha Kiingereza: laza.
Anakibandika kineno mkiani: mbali.
"Msitafute kitanda humu. Kitenzi kikiota mkia
maana huhama nyumba.
Hapa ni kupunguzwa kazi."

Danguolė, vidole bado vinanuka samaki wa kiwandani,
anainua mkono.
Ijumaa msimamizi alimwambia hayo hayo, mawili.
Akadhani anapewa mapumziko.
Akamshukuru.
Akampa na biskuti.

Kalamu inasita ubaoni.
Hilary anaandika inua, anaandika juu,
anafuta.

Danguolė ananakili somo kwa mwandiko safi,
haruki hata nukta,
na pembeni, kwa Kilithuania,
anaandika: Ijumaa.