Haja Kubwa

Bahasha zilifika kwa gari moshi la alfajiri,
magunia saba kutoka kusini, yamefungwa kamba ya katani,
na mpagazi wa stesheni ya Daejeon aliyashusha uso kando
kama mtu anayepokea barua ya mdai wake.

Kila bahasha na jina, darasa, namba.
Ndani yake karatasi ya nta, na ndani ya karatasi
kiasi cha haragwe. Ndivyo tangazo lilivyosema: kiasi cha haragwe, si zaidi.
Wapo walioleta kiasi cha kiazi.
Wazazi wao, nadhani, hawakutaka kuonekana wachoyo mbele ya serikali.

Mimi, Tak Bun-rye, miaka ishirini na miwili,
koti jeupe la kuazima, vidole vimepasuka kwa baridi,
nilipewa meza ya tatu, penye dirisha lisilofunga.
Jicho la kulia kwenye hadubini, la kushoto wazi,
maana ukilifumba kichwa kinauma kabla ya adhuhuri.
Kwa jicho moja niliona mayai,
kwa jingine theluji juu ya paa la kiwanda cha nyuzi.

Yai la mchango lina mikunjo kama kokwa la fyulisi.
La mjeledi ni pipa lenye vizibo viwili.
La safura, ganda jembamba, ukichelewa linafifia na kupotea;
lihesabiwe kwanza, kama mgeni mwenye haraka.
Kidole gumba kikabonyeza mashine:
tak, tak, tak,
jina la ukoo wangu kutwa nzima.

Bwana Seok alikuwa na ramani ya nchi ukutani.
Njano: watoto watano katika kumi.
Chungwa: saba.
Nyekundu: tisa.
Chupa ya nyekundu ilikwisha Jumatano
tukaendelea kwa wino wa mihuri.
Taifa zima lina mchango, alisema,
na mimi nikawaza: naam, na kila mtoto ametoa wake.

Siku ya tisa, shule ya Mwalimu Pyo, darasa la nne.
Namba arobaini na moja: mayai ya mchango mia mbili na kumi na matatu,
ganda la ufuta, unywele wa paka.
Namba arobaini na mbili: ganda la ufuta,
unywele wa paka.
Nikabadili kioo. Nikahesabu upya.

Wadanganyifu tuliwazoea.
Kuna aliyeleta ya mbwa, tukacheka hadi chai ikapoa.
Nikamwandikia Mwalimu Pyo kwa ukali wote wa umri wangu:
namba arobaini na mbili, Ma Pan-dol, alete yake mwenyewe.

Jibu lilikuja juma la pili, kwa penseli, mstari mmoja na nusu:
Tangu Jumapili ile hakuwa amekula. Hakuwa na cha kutoa.
Jirani yake wa dawati alimgawia.

Nilisoma nimesimama.
Kwa lugha ya adabu, tulichokuwa tukiomba huitwa haja kubwa.
Mtoto hakuwa na haja kubwa.
Mtoto alikuwa na haja kubwa.

Fomu ilikuwa na safu tatu: anao, hana, hakuleta.
Andika hakuleta, alisema Bwana Seok, mmoja habadilishi asilimia.
Nilipiga hesabu usiku. Kweli, habadilishi.

Vidonge vilipokwenda kusini, vilikwenda kwa majina ya waliokutwa nao.
Nikachukua bahasha mpya, nikaandika arobaini na mbili,
nikatia mchele, konzi moja, nikabandika stempu mbili.
Karatasi ile ilikuwa nyepesi. Huenda ilipasuka njiani,
ikamwagika punje kwa punje kati ya stesheni na stesheni.
Ramani imekuwa nyeupe miaka mingi sasa.
Sijui ilifika.