Sindano Namba Tisa

Nimeandika admin, nikaandika tena admin,
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe
akaulizwa kutoka ndani: wewe nani?
Mia moja tisini na mbili, nukta,
mia moja sitini na nane, nukta, moja, nukta, moja.
Anwani naijua kwa moyo.
Mlango ndio haunijui.

Jina au nywila si sahihi.
Si sahihi kwa nani? Bili ni yangu.
Kila tarehe tano nailipa kwa zipu na mapindo;
suruali za nusu ya Kutaisi zimepita kwenye cherehani hii
ili taa zile nne za kijani zisizimike.

Kibandiko chenye nywila kilikuwa tumboni mwa ruta.
Nilikisugua mwenyewe kwa siki, Pasaka iliyopita,
huku najisifia usafi.

Nikampigia Guram, aliyeifunga miaka mitatu nyuma.
Ikaita, ikaita, ikakatwa.
Mara ya pili akapokea: "Dada Tsiala, usiguse kitu!
Ruta ni kama ini, ukiligusa..."
Hakumalizia.
Guram, ambaye hata bisibisi huazima,
leo amejulia wapi habari za ini?

Usiguse. Neno hilo anaambiwa mshonaji!

Nyuma ya ruta pana tundu
ambalo hata kifungo cha kichanga hakipiti.
Nikachomoa kwenye kijimto sindano namba tisa,
nikaigeuza, maana ncha haina adabu,
tundu la uzi likaingia tunduni.
Nikahesabu hadi kumi, polepole, kama ninavyopima kiuno cha bibi harusi.
Taa zikafumba zote pamoja.
Nyumba ikanyamaza kama kitambaa kilichosikia mkasi.

Ilipoamka, ilikuwa haina kumbukumbu, haina bwana.
Admin, admin, na mlango ukafunguka.
Nikabadilisha jina. Nikabadilisha nywila,
herufi ishirini na mbili, pamoja na kosa moja la tahajia
nililolifanya nikiwa darasa la tatu na kuchapwa.
Siitaji hapa. Kuta zina masikio,
na mashairi yana zaidi.

Hazikupita dakika ishirini.
Lamzira wa ghorofa ya pili, unga mikononi:
"Kwako upo? Mtandao wangu umekufa."
Wako?
"Si nalipa! Lari kumi kwa mwezi, mkononi mwa Guram."
Akaja Nugzar na kandambili za mkewe.
Akaja daktari wa meno, kinyago bado kidevuni.
Orodha ya vifaa ilikuja kwa miguu,
ikapanga foleni kwenye ngazi, ikinilaumu.

Milango kumi na mmoja.
Nikapiga hesabu kwa chaki juu ya koti la mteja:
lari elfu tatu, mia tisa na sitini.
Chaki haibembelezi mtu.

Wa mwisho alikuwa Shalva wa juu kabisa,
pumzi zikimfuata ghorofa moja nyuma.
"Mimi silipi," akasema. "Guram alikataa pesa yangu.
Ni saa tatu usiku tu. Binti yangu yuko Thesaloniki,
anaogesha wazee wa watu."

Hilo ndilo lililoniharibia hasira.
Nilikuwa nimeishona vizuri, mshono wa nyuma na mbele,
na yeye akavuta uzi mmoja.

Nikarudi kwenye kile kioo, nikatafuta,
nikakuta pale chini kimlango cha pembeni: mtandao wa wageni.
Nikaufungua, nikaandika nywila yake fupi
kwenye ukanda wa pindo, kwa kalamu isiyofutika,
Shalva akaondoka nao kafunga kifundoni mwa mkono.
Wengine nimewaambia wadai risiti.

Guram hapigi simu.
Suruali yake inaning'inia hapa tangu Jumatatu:
mguu wa kushoto umekunjwa, umepigwa pasi,
wa kulia una pini tatu.