Kiyowe cha Tatu

Mwenye kile kiyowe ni mimi.
Kile cha sekunde moja na nusu, kinachoanzia chini
kama birika linalotafakari,
kisha kinapanda.
Umekisikia. Usibishe.

Nilikitoa Winnipeg, kwenye ghala la mazulia,
nje digrii thelathini chini ya sifuri,
ndani nimevaa gauni la kulalia, juu yake koti, juu yake blanketi,
maana maikrofoni haina macho.
Mchana nilikuwa karani wa daktari wa meno.
Viyowe nilivijua kwa karibu.

Cha kwanza, Wasyl alikikata:
"Doreen, hicho ni cha kweli mno. Watu watadai viingilio vyao."
Cha pili nilicheka katikati,
kwa sababu Gilles, fundi wa sauti, alikuwa anavunja shingo ya mtu
kwa fungu la tambi kavu, na kabla ya kuivunja
alisema, "Samahani, bwana."
Cha tatu ndicho hicho. Dola kumi na tano, na supu.
Supu aliipika Gilles. Haikuwa na chumvi.
Nikaolewa.

Tangu hapo nimekufa mara mia na ushei.
Nimemezwa na joka lenye zipu mgongoni.
Nimesukumwa dirishani nikiwa mwanamume wa sharubu.
Mara moja nimekuwa mbuzi. Nilimudu.
Na ile filamu ambayo msichana anafika mlango wa ghala,
anaigeukia kamera, "Najua, najua, msinifundishe kazi,"
anaingia,
na anayesikika ni mimi:
ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, wamenitambua.
Safu ya nyuma, na bisi zangu mapajani,
haya na fahari vikanigombea kiti.

Mjukuu wangu Taras ana bendi. Nywele hadi kiunoni,
magitaa kama jenereta lililotukanwa.
Ananguruma dakika nne, ngoma zinanyamaza ghafla,
na bibi yake anauawa.
"Malipo yangu?" nikamwuliza.
"Nitakupikia supu."

Mwenye kelele hana neno, husemwa.
Jumanne ile Gilles alipoanguka jikoni
sikupiga yowe.
Nilizima jiko. Nikataja anwani kwenye simu, herufi kwa herufi,
kwa sauti ileile ya "keti, daktari atakuona sasa hivi."
Nikapiga magoti, nikaushika mkono wake, mzito, wa baridi.
Theluji ikianguka nje bila fundi wa sauti.

Sebuleni tulikuwa tumeacha televisheni inawaka.
Huko, mtu akaona kisu.
Birika likatafakari.
Likapanda.

Gilles akafungua jicho moja.
"Cha tatu," akanong'ona.
Kisha, baada ya muda ambao hadi leo sijaweza kuupima,
"Cha kwanza kilikuwa bora."