Sindano Pindoni

Vua mkanda, mzee. Vua saa.
Meno ya bandia yatie humu bakulini.
Sarafu, miwani, ufunguo wa baiskeli,
kila kilichowahi kupita tanuruni
kibaki nje ya mlango huu mnene kama godoro,
nikeli na chuma, tabaka juu ya tabaka,
tuifungie nje dunia pamoja na dira zake zote.

Bwana Murozumi anatii, polepole.
Vidole vyake vya kulia havijui tena
kifungo ni kipi, tundu ni lipi.
Miaka arobaini na sita aliipiga dhahabu kwa nyundo
hadi ikawa nyembamba, ukihema karibu nayo inakimbia.
Sasa hata vijiti vya kulia wali vinamponyoka
naye huinama kuviokota, akiwaomba radhi wajukuu.

Namlaza chali. Shingo naiegemeza
juu ya mtungi uliobinuka mfano wa tandiko la farasi.
Mle ndani heliamu imekuwa maji,
baridi ambayo theluji ya Kanazawa, iliyofika leo madirishani,
mbele yake ni uji wa moto.
Ndimo vinamokaa visikizi vyetu.
"Usimeze mate," namwambia.
"Hata nikikumbuka samaki?"
"Hata ukikumbuka samaki."

Maana tunachokitafuta ni kidogo kuliko neno kidogo.
Neva ikipeleka habari, umeme unatambaa ndani yake,
na umeme utembeapo huvaa sumaku
kama mkono uvaavyo bangili.
Bangili ya ugwe wa mgongo,
ukiipima na nguvu inayougeuza mshale wa dira,
ni punje moja ya mtama
katika lori la tani ishirini na tano.

Kwa hiyo hatuulizi mara moja.
Tunaigutusha neva kiwikoni, mara elfu mbili,
tunarundika jibu juu ya jibu;
makelele yanakulana yenyewe kwa yenyewe,
anabaki yule asiyebadili kauli.

Leo habaki mtu.
Mchoro umechafuka: wimbi zito, nene,
linapanda akivuta pumzi, linashuka akiishusha.
Nasimamisha lifti ya jengo.
Namtuma Kiyohide akaliondoe gari la kuzoa theluji.
Bado.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Naufungua ule mlango, naomba radhi, napapasa.

Chini ya gauni la hospitali kabaki na mkanda wa sufu,
ule wa kukinga tumbo na baridi.
"Hiki si chuma," anasema, "ni nguo tu.
Fusae aliutia kiraka, vuli ile ya mwisho."
Vidole vyangu vinafuata pindo, mshono kwa mshono,
hadi kitu kinanichoma.

Sindano. Imevunjika nchani,
uzi mwekundu ungali tunduni.

Anaitazama muda mrefu.
"Aliitafuta siku mbili," anasema.
"Alinilaumu mimi."

Mlango tena. Kimya tena.
Mia tano. Elfu moja na mia mbili.
Kisha, kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu,
inatokea: inaingia kwa bega, inapanda,
pingili ya saba, pingili ya sita, bila wasiwasi,
na kabla ya kuifikia ya tano inachechemea,
inajikunja, inapita imepungua nusu.
Naweka alama hapo. Kalamu yangu inatetemeka kidogo,
na miaka tisa nimeifanya kazi hii.

Baadaye anavaa. Nampa karatasi ya daktari,
haisomi.
Anataka ile sindano, niliyoilaza juu ya pamba.
Anainyoshea mkono wa kulia, ule ule.
Mara ya kwanza pamba inakuja, sindano inabaki.
Mara ya pili. Mara ya tatu.
Ya nne sikuiona.
Niligeuka kuandika tarehe.