Singa

Nilimwomba don Nazareno aniandikie herufi zote,
kuanzia a mpaka z, na ile ñ yenye kiwimbi kichwani,
kwa brashi ileile aliyoandikia mabango ya barafu
miaka arobaini katika mitaa ya kusini ya Rosario.
Akacheka. "Herufi ya peke yake haiandikiki, binti.
Nipe neno. Nipe kitu kinachouzwa."

Basi tukauza hewa alasiri nzima:
mkate wa leo, samaki wa mtoni, matairi yaliyotumika,
kuku wa kuokwa Jumapili tu, funguo papo hapo.
Karatasi zikatanda sakafuni mpaka chini ya jokofu,
na mkewe, Hermelinda, akapita kati yake kwa ncha za vidole,
birika mkononi,
kama avukaye kijito kwa kurukia mawe.

Nilichotaka hasa si herufi. Nilitaka ule ukame:
pale brashi inapoishiwa rangi katikati ya safari
na mstari unaanza kuonyesha mbavu,
nyuzi nyuzi, weupe wa karatasi ukichungulia
kama soksi ndani ya kiatu kilichopasuka.
Wateja hulilipia hilo siku hizi.
Zamani, aliniambia, walikuwa wakimkata pesa kwa sababu yake.

Nyumbani nikaziingiza kwenye skana, moja moja.
Usiku wa kumi na mbili nikaiona aibu yangu:
nikibonyeza a mara mbili, zinatoka pacha,
kovu lilelile, mahali palepale,
kama uongo wa mtu aliyeukariri.
Nikarudi kwake. Nikataka a tano. Nikataka e sita.
"Ngapi zinatosha?"
Mpaka jicho lisahau kuhesabu, nikasema.
Akaandika a mia na nne bila kuzitazama,
sikio likiwa kwenye mpira redioni.
Ile ya sitini na mbili imeteleza mguu:
ndipo timu yake ilipofungwa.

Na ndani ya g nilikuta unywele.
Umenasa kwenye rangi, umejikunja kidogo
chini ya tumbo la herufi. Niliufuta.
Nikakaa. Nikaurudisha.
Maana brashi ile aliifunga mwenyewe
kwa singa za mkia wa Picaza, farasi jike wa muuza barafu,
aliyekufa wima, bado yumo kwenye mkokoteni,
mwaka ule majokofu yalipofika mtaani.

Nilitaka fonti iitwe Nazareno. Akakataa katakata:
"Jina hilo liko kwenye bili ya umeme. Inatosha."
Kwa hiyo ni Picaza. Bei yake dola ishirini na mbili,
pamoja na masharti ya matumizi asiyoyasoma mtu.
Nusu nampelekea. Risiti huniandikia kwa brashi,
kubwa, haiingii kwenye faili lolote.

Machi nikaiona kando ya barabara ya kwenda Córdoba:
ubao mpana kuliko nyumba yangu, tangazo la maji ya chupa,
neno moja tu, *agua*.
Na yule aliyelipanga, mvivu, hakugusa a mbadala hata moja.
Nina a mia na nne! Yeye kaweka pacha,
huku na huku, kama vishikizo vya mlango.
Nilimlaani kwa muda wa kilomita nzima,
kisha nikageuza gari, nirudi nimlaani vizuri.

Ndipo nikaitazama g.
Unywele ambao haukufika urefu wa ukucha wangu
sasa ulinipita kimo, mweusi, umejikunja
juu ya malori, na upepo haukuutikisa.

Nikampigia simu. Nikamweleza.
Kwanza akauliza kama maji yenyewe ni ya baridi.
Halafu kimya; redio tu, na watu wakishangilia mbali.
"Upo upande gani wa ule mkia?" akasema.
Nyuma yake, don Nazareno.
"Sogea, binti. Alikuwa anapiga teke."