Mkata Mabehewa

Baba alikata treni, stesheni ya Tabora,
miaka thelathini na mmoja.
Si kwa msumeno. Kwa mkono, na kwa sikio.
Treni ya bara ikiingia, imechoka vumbi la Manyoni,
aliishika mkiani.
"Ukianzia katikati," alisema,
"hiyo ni kazi ya fundi mwingine, na mara nyingi ni ajali."
Behewa la mwisho: kacha. Linalofuata: kacha.
Hili la Mpanda. Hili la Mwanza.
Hili la Kigoma, lina saruji, lisubiri.

Kiungio kilimla ncha ya kidole cha shahada
mwaka niliozaliwa. Akakizika kipande nyuma ya godauni,
akarudi zamu.

Mimi Nyamizi nina treni zangu,
kwenye kichupa kisichoshika hata funda la chai.
Mabehewa ni ya aina nne tu.
Kimeng'enya hukaa mkiani, hung'ata herufi moja,
huitema, husogea.
Hung'ata, huitema, husogea.
"Kinalipwa na nani?" Baba aliuliza.

Nikamweleza kwamba anayeunga uzi mpya wa DNA
hutembea na mkataji wake mgongoni:
herufi ikikaa vibaya wote wawili husita,
hurudi hatua moja, huing'oa, huweka iliyo sawa.
Baba akanyamaza kidogo.
Kisha akasema usiku mmoja wa mvua
alifuata treni ya abiria kwa taa ya chemli
akafungua tangi la mafuta lililopachikwa nyuma kwa makosa.
"Hakuna aliyejua. Walilala hadi Kaliua."

Na ujumbe je, ule wa RNA?
Hutumwa na mkia wa herufi moja tupu, A, A, A, A,
mabehewa yasiyo na mzigo, yamewekwa yaliwe.
Yakiisha, ujumbe hufa.
Na bora ufe: seli isiyosahau amri za jana
itasonga ugali usiku kucha, mlaji hayupo.

Sasa ni Juni, baridi imeshuka Isevya.
Mwangaluka, Baba.
Chai aliyomaliza sasa hivi imeshakatwa.
Msiba wa mwaka jana umekatwa;
anauliza kama Mama amerudi kutoka sokoni.
Si kimeng'enya changu, najua,
nimesoma vya kutosha nisijidanganye.
Ila huyu naye ameanzia mkiani,
anajua kazi, haruki behewa,
na sijui analipwa na nani.

Utotoni kwake bado kumeungwa vizuri:
jina la mbwa, mizinga ya asali ya babu yake,
njia ya msituni, mkono wa kulia ukifika kwenye miyombo miwili.

Jana alinitazama kwa muda mrefu.
Akanyoosha kidole kile kifupi, akanigonga bega,
akatega sikio.
"Hili la wapi?"
La Kigoma, Baba. Lina saruji.
"Basi lisubiri."