Somo wa Ngamiani

Somo, nakuita kwa jina letu moja,
Rebeka kwa Rebeka,
usiku huu umeme umekatika Barabara ya Kumi na Tano
na sina wa kumnong'oneza.
Padri atanipa sala. Dada yangu atanipa lawama.
Wewe yalikukuta.

Walikuchosha wale wake wa Esau,
mabinti wa watu wenye miungu yao,
hata ukamlalamikia mzee wako asiyeona
kwamba kuishi kumekuwa mzigo.
Mimi mzee wangu yuko makaburini Magila,
kwa hiyo nimeiambia sufuria.

Aidani wangu, fundi baiskeli,
aliyebeba msalaba mbele ya maandamano
mpaka mikono midogo ikatetemeka,
Jumanne alisimama mlangoni na grisi kwenye kucha:
“Mama, nataka kuoa. Anaitwa Mwanamkasi.”
Jina tu, nikaacha kupepeta.
Mchele ukapikwa na chuya zake.

Si kwamba watu wake ni wabaya.
Nani Tanga hii hajala pilau ya Idi kwa jirani?
Mama yake ndiye aliyenikanda mgongo
nilipomzaa huyuhuyu Aidani.
Sinia lao nalirudisha Krismasi, lina maandazi.
Lakini sinia hurudi, somo.
Mtoto akivuka, anarudi na nini?
Na mjukuu nimfundishe kufanya nini na mikono yake
kabla ya kulala?

Basi nikafanya kama ulivyofanya.
Nikakata tiketi, basi la alfajiri, Morogoro,
kwa kaka yangu Oswadi mwenye gereji
na mabinti wa kanisani wa kujaza kwaya nzima.
Nikaifunga kwenye pindo la kanga.
Nitamwambia: mwezi mmoja tu, mwanangu, kuna kazi.

Leo asubuhi maji yalikuwa hayatoki majumbani.
Tukapanga ndoo kwenye bomba la nyuma ya soko,
naye alikuwepo, mbele yangu kwa ndoo tatu.
Hakunitambua, au alijifanya.
Zamu yake ilipofika akaijaza yangu kwanza,
kisha akamgeukia msukuma mkokoteni,
yule Mgosi mwenye kikohozi,
akamjazia madumu yake yote,
moja moja, bila kuombwa.
Kumi. Nilihesabu.

Mtaa wetu unaitwa Ngamiani
na tangu nizaliwe sijaona ngamia hapa.
Leo nimewaona: rangi ya njano, vipini mgongoni,
wamejipanga kwenye matope
wanakunywa mpaka wanatosheka.

Nilikasirika, somo. Nani aliomba ishara?
Mtumwa gani wa nani alipiga magoti pale bombani?
Nikajitwika ndoo, nikaondoka bila asante,
maji yakinishukia begani, kifuani,
mpaka kwenye pindo.

Sasa nikuulize jambo
ambalo padri hulipita haraka:
yule uliyempenda, uliyempeleka mbali
asije akaoa pale mlipokaa,
ulimwona tena?
Miaka ishirini akichunga kondoo wa mjomba wake,
akarudi na wake, na watoto, na mguu unaochechemea.
Nani alimpokea mlangoni?
Yaya wako tumeambiwa alipozikwa, hata mti wake tunaujua.
Wewe, kimya.

Tiketi imelowa. Nimeianika mezani, karibu na kibatari.
Jina la Aidani limesambaa kama wino wa mtoto wa shule,
ila tarehe inasomeka.
Ni kesho.
Chumba cha pili anakoroma kama baba yake.

Sijasema ndiyo. Usiku huu sitasema.
Nimeoga kwa maji ya jirani,
nimepika kwa maji ya jirani,
na ile ndoo iko pale pembeni, imefunikwa sahani,
nusu yake haijaguswa.
Nina kiu, somo,
na naiangalia tu.